Siku Niliposema Kaza

Ndugu zangu wa jumuiya, wakubwa shikamooni. Mama mwenyekiti amesema nieleze Mungu alikonitoa. Nitaeleza, ila majina sitataja, maana wengine tunaishi nao humu humu.

Shule niliacha darasa la nne. Sikufukuzwa. Niliona lori la pamba linapita Tinde, nikataka kujua linakwenda wapi. Ndivyo nilivyo mpaka leo. Kitu nisichokijua kinaniwasha miguu. Nimebeba marobota kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, nimechunga ng'ombe wa watu Samuye, na vita vya Uganda vilipokuja nikaenda na mgambo. Huko, leo nasema ukweli, kazi yangu ilikuwa kubeba masufuria.

Lakini nilipofika Rwamgasa kwenye dhahabu nilikuwa na koti la jeshi, na sauti. Mwenye duara, yaani shimo letu la kuchimba, alipoona koti akanipa watu tisa niwasimamie. Wakaniita afande. Sikukataa. Asubuhi nawapanga mstari, natoa amri kwa kelele, kwa Kiswahili cha jeshini. Kisukuma nakijua, lakini afande gani anasema Kisukuma? "Mmeelewa?" "Ndiyo, afande!" Jamani, ile "ndiyo" ilikuwa tamu!

Siku hiyo, mchana, mwenzetu mmoja alikuwa chini anajaza mawe kwenye ndoo. Juu, kwenye kamba, alikuwa mzee mmoja mfugaji, Kiswahili amekijulia ukubwani. Ndoo ikanasa kwenye matimba, zile nguzo za miti zinazozuia udongo. Nikapiga kelele, "Kaza!" Nilitaka aishike kamba palepale, isisogee. Yeye akasikia: ongeza nguvu. "Ndiyo, afande!" Akavuta kwa nguvu zake zote. Nguzo ikang'oka, udongo ukamfunika mwenzetu.

Tukakimbilia mdomo wa shimo, kila mtu na sururu yake, kila mtu anapiga kelele, mimi wa kwanza. Akaja baba mmoja aliyekuwa ananoa sururu jirani. Tulimjua kwa kunoa tu. Kumbe alikuwa sajenti mstaafu. Hakupaza sauti.

"Rudini nyuma hatua tano. Mnamshushia udongo."

Tukarudi. Akalala kifudifudi, akaita, akasikiliza. "Ameitika," akasema. Kisha akanigeukia.

"Afande, ulitoa amri gani?"

"Nilisema kaza."

"Kaza nini?"

Nikaonyesha kamba kwa kidole.

Akagawa kazi, mtu mmoja mmoja. Na kabla mtu hajagusa kitu, anamwambia, "Niambie utafanya nini. Kwa maneno yako. Kisukuma, Kisumbwa, vyovyote." Nilikasirika: mtu anakufa, huyu anauliza maswali! Mmoja akasema kwa woga, "Baba, mimi sijaelewa." Nikadhani atapigwa kofi. Sajenti akamwambia, "Vizuri, umetusaidia," akaeleza upya.

Zamu yangu ikafika. Nilipewa kupokea makarai ya udongo. Nikarudia amri niliyopewa, nikakosea. Ndugu zangu, nawaambia, miezi yote ile nauliza watu kama wameelewa, kumbe mwenyewe sijui kusikiliza! Akanieleza mara ya pili, bila kunidharau.

Halafu nikaona jambo ambalo hata vitani sikuliona. Hakuna kelele. Mkono wa sajenti ukipanda, kamba inasimama. Ukishuka, kamba inakwenda. Nguzo mpya zinaingia, udongo unatoka karai kwa karai, watu wote kama mwili mmoja unaopumua. Nilijiona kama niko kanisani wakati wa mageuzo, padri anapoinua hostia. Na mzee wa kamba, yule yule, ndiye aliyemvuta mwenzetu, taratibu, kama anainua mtoto mchanga. Mguu umevunjika, macho yamejaa udongo, lakini mzima. Akakohoa, akauliza, "Nani alisema kaza?"

Watu wakacheka huku wanalia. Nikasema, "Ni mimi."

Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi mzee wa kamba. Akanijibu kwa Kisukuma, "Mwanangu, tangu umekuja, nusu ya maneno yako siyajui. Nilikuwa naitikia tu, usije ukaaibika mbele za watu." Fikirini! Nilidhani ananiogopa, kumbe alikuwa ananihurumia.

Namshukuru mzee huyo. Namshukuru sajenti, ambaye hakungoja hata shukrani, alirudi kunoa sururu zake. Namshukuru aliyekuwa chini, alinisamehe kabla mguu haujapona. Wabeja sana, asanteni.

Nanyi mnaoongoza watu, iwe shambani, iwe kwaya, iwe jikoni kwenye harusi, mkijibiwa "ndiyo" msifurahi haraka. Mwulizeni mtu atafanya nini, na asiogope kusema hajaelewa. Jeshini niliona bunduki nyingi, lakini nguvu ya jeshi niliiona siku ile, kwa mnoa sururu.

Sasa nasimamia wapakiaji kwenye jineri. Wiki iliyopita kibarua mmoja, hana hata mwezi kazini, alinyoosha mkono mbele ya wote: "Mzee, hapo hujaeleweka." Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu kama mtu aliyepandishwa cheo.