Mama Kavetsa na Mtu Aliyeshika Kamba

Leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Joyline Kavetsa anastaafu baada ya kulitumikia gazeti letu la Sauti ya Uwanda, hapa Eldoret, kwa miaka thelathini na minne na miezi saba. Kazi yake tangu siku ya kwanza ilikuwa moja tu: kutunza picha. Ofisi ya wafanyakazi iliponiomba niandike wasifu huu iliniambia uwe mfupi, uwe mtamu, na usiguse habari za jalada la kitabu. Mfupi nitajaribu. Mtamu utakuwa, kwa sababu mwenyewe ni mtamu. Hilo la tatu, jamani, hapana.

Mimi ni Sylvia Mideva, msomaji wa prufu. Meza yangu imepakana na mlango wa stoo yake kwa miaka kumi na mitatu, kwa hivyo ya karibuni niliyaona, na ya zamani alinisimulia mwenyewe.

Alifika hapa Machi 1991 akiwa karani wa kupiga chapa. Mashine ya kupigia chapa ilikuwa imeharibika, basi akaambiwa apanguse vumbi katika stoo ya picha kwa wiki mbili wakati anatafutiwa kazi ya maana. Alikuta picha elfu kumi na moja na ushee, nyingine kwenye mikebe ya biskuti, nyingine zimefungwa kwa kamba ya katani kama sukumawiki. Zilianzia mwaka 1955, gazeti lilipoanzishwa. Wiki mbili zilipoisha, bosi wa wakati huo alikuja kumwita. Mama Kavetsa alimwambia kazi ya maana ameshaipata, akamfungia mlango.

Sheria ya kwanza ya stoo ilikuwa kunawa mikono. Wote tulinawa. Mheshimiwa mmoja alikuja na walinzi wake kutafuta picha ya siku alizokuwa mwembamba, vidole vinang'aa mafuta ya chapati. Mama alimpa kipande cha sabuni na kumwonyesha mfereji ulioko nyuma ya gereji. Walinzi walikodoa macho. Mheshimiwa alikwenda, akanawa, akarudi ameinua mikono kama mtoto anayekaguliwa kucha. Aliporudi mara ya pili alikuwa amenawa tayari.

Sasa nije kwenye picha yenyewe.

Katika wiki ile ya kwanza alifungua bahasha ya maonyesho ya kilimo ya mwaka 1961. Ndani kulikuwa na picha ya fahali mkubwa, mweusi, ngozi inang'aa, amevishwa utepe. Pembeni yake amesimama kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa koti zuri lililombana mabegani, ameshika kamba ya fahali huyo na anaitazama kamera bila woga. Nyuma ya picha pamepigwa chapa maelezo: Brigedia wa Pili, fahali wa miaka minne, ratili elfu mbili, mwana wa Malkia wa Soy, mshindi wa kwanza. Halafu maneno matatu ya mwisho: pamoja na boi.

Mama Kavetsa alikasirika, na hasira hiyo haijamtoka mpaka leo. Kila mwanafunzi aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazi alionyeshwa picha hiyo kabla hajaonyeshwa choo. Ng'ombe ana jina, ana cheo, mpaka mama yake anajulikana. Mtu aliyemlisha na kumwogesha hana hata herufi moja. Aliapa kwamba hatastaafu kabla hajamjua.

Wakati wenzake wanakula chamcha, yeye alikuwa na nakala ya picha kwenye bahasha, akimwonyesha kila mzee aliyeingia kulipia tangazo la kifo. Jumamosi alikwenda Soy, akaketi karibu na posho mill, wanaposagia mahindi, akauliza. Wengi walimtambua fahali. Ati walimkumbuka vizuri sana! Mama alirudi nyumbani kwake, mtaa wa West Indies, amenuna, na Jumamosi iliyofuata akaenda tena.

Mwaka 2004 alikosea. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kulificha. Wanaume wawili walikuja ofisini, kila mmoja kwa siku yake, wakamwambia kijana huyo aliitwa Wesonga na ni wa ukoo wao. Baada ya miaka kumi na mitatu ya kutafuta, nani hangefurahi? Picha ilitoka Jumapili na jina hilo chini yake.

Jumatano akaja mama mmoja kutoka Langas, anayeuza omena, gazeti limekunjwa kwapani. Jina lake Nelima. Hakupiga kelele. Alisema huyo aliyeshika kamba ni baba yake, Lusweti Wanyama, aliyefariki yeye akiwa na miaka tisa. Nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake tangu mazishi, na chini ya uso huo pameandikwa jina la mtu mwingine. Mama Kavetsa alilia mbele yake.

Kumbe wale wawili walikuwa mashemeji. Walikuwa wameliongea jambo hilo wakinywa chai, wakakubaliana, na nafikiri waliamini kweli. Mhariri alitaka tuchapishe sahihisho la mstari mmoja chini kabisa, karibu na matangazo ya mbolea. Mama alikaa ngumu. Aliandika sahihisho refu, akasema kosa ni lake, akatia sahihi yake, na likatoka ukurasa wa tatu.

Lakini hapo hapo alikataa kuandika jina la Lusweti. Alimweleza Nelima usoni kwamba ameumwa mara moja kwa kuamini haraka, na kwamba yeye Nelima ni shahidi mmoja tu. Siku hiyo ndipo ilipozaliwa sheria yake ya pili, ambayo hutaikuta katika stoo nyingine ya picha nchini: hakuna jina linaloandikwa nyuma ya picha mpaka litajwe na watu wawili wasiosalimiana. Wasiojuana haitoshi, kwa sababu Uasin Gishu watu hujuana. Lazima wawe wamekosana. Nelima aliudhika sana, akaondoka. Wiki mbili baadaye alirudi, na kuanzia hapo wakatafuta pamoja.

Waliuliza miaka mitatu. Katikati ya mwaka 2007 Mama alielekezwa kwa Mzee Ephantus, mwenye duka pale Soy, aliyekaribia miaka themanini. Mzee aliipeleka picha dirishani, akaitazama, uso ukabadilika. Akasema:

"Huyo ni Lusweti Wanyama. Na hilo koti ni langu."

Mambo yalikuwa hivi. Mwenye shamba alitaka mchungaji wake apendeze siku ya maonyesho. Lusweti hakuwa na koti, akaazima la Ephantus, koti lake la harusi, na hakulirudisha. Miaka arobaini na sita Mzee Ephantus hakuwa amemsalimu mtu yeyote wa nyumba ile. Alipoambiwa Lusweti alishafariki zamani, aliuliza kwanza koti lilikwenda wapi.

Na Nelima, ambaye hakumjua mzee huyo kwa jina, alikuwa ameshamsimulia Mama Kavetsa kwamba alipokuwa mdogo, mama yao alikuwa akificha koti fulani chini ya magunia kila mwenye duka mmoja alipopita njia yao. Basi mashahidi wakawa wawili, na hawasalimiani kabisa. Mama alinawa mikono, akachukua penseli, akaandika nyuma ya picha: Lusweti Wanyama, wa Soy.

Miezi michache baadaye ukaja ule mwanzo mbaya wa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi. Duka la Mzee Ephantus liliteketea na albamu zake zote. Watu wengi walikuja stooni kwa Mama Kavetsa mwaka ule, wa kila kabila, kutafuta sura za watu wao, na aliwahudumia wote kwa foleni moja. Mzee naye aliomba nakala. Alisema hamtaki Lusweti, anataka koti, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha ujana wake kilichobaki cha kuona kwa macho. Nelima alimpelekea nakala hiyo mwenyewe. Siku hiyo wakasalimiana. Mama Kavetsa alipopewa habari alimshukuru Mungu kwamba alikuwa ameshaandika, maana sasa ushahidi ungeharibika.

Haya, jalada la kitabu.

Mwaka huu gazeti limetimiza miaka sabini na kampuni inachapisha kitabu cha picha za zamani. Mkurugenzi wetu, Bwana Antony Gathogo, ni mtu mzuri, hutununulia mandazi siku za mvua, na amechagua picha nzuri kwa jalada: hiyo hiyo ya Brigedia wa Pili. Ila alitaka maelezo yabaki kama yalivyokuwa mwaka 1961, kwa ladha ya zamani. Jina la Lusweti, alisema, lingejaza nafasi. Jina la fahali halikujaza nafasi.

Mama Kavetsa aliifungia picha ndani ya droo akakataa kuitoa. Mwezi wa saba akapewa barua ya onyo. Sote tulijua maana yake: mtu anaweza kumwaga unga miezi mitatu kabla ya kustaafu, aondoke bila hata keki. Nilimsihi aachane nayo. Nilimwambia picha ni moja tu kati ya elfu kumi na moja. Alinitazama mpaka nikaona aibu, na aibu hiyo ninayo bado.

Mwezi wa nane aliingia katika mkutano wa wakuu bila kualikwa, Nelima akiwa pembeni yake na omena zake amemwachia jirani. Nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano, kwa hivyo maneno yake ninayo kama alivyoyasema:

"Jina la ng'ombe nililijua siku yangu ya kwanza. La huyu mtu nililitafuta miaka kumi na sita. Kama mna haraka, toeni kitabu bila picha. Baba wa mtu si boi, na binti yake huyu hapa, mwambieni nyinyi."

Nelima alimtazama kila mmoja kwa zamu, nao wakatazama chai zao. Bwana Gathogo akasema suala litaangaliwa. Linaangaliwa mpaka leo. Na droo haikusaidia kitu, maana picha ilishaingizwa kwenye kompyuta tangu 2019. Kitabu kinaingia mitamboni wiki ijayo, na Mama Kavetsa hatakuwepo kukizuia.

Ndugu wafanyakazi na wageni, programu hii mliyoshika iliidhinishwa na wakuu, ambao naamini walisoma ratiba ya chakula kwa makini. Jalada lake nimelipanga mimi. Picha ni ile. Maelezo yaliyo chini yake yanasema: Lusweti Wanyama wa Soy, pamoja na fahali, 1961. Koti la Ephantus. Nakala ni mia tatu na zote zimeshagawiwa. Mama Nelima amekaa mstari wa mbele, kitambaa cha buluu, na kama kuna anayetaka kubishana juu ya nafasi, amfuate hapo hapo alipoketi.

Mama Kavetsa, asante. Umetufundisha kunawa mikono, umetufundisha kukosea hadharani, na wengine wetu umetutia aibu iliyotufaa. Nenda West Indies, ulale mpaka saa tatu, uwafundishe wajukuu kukataa wakiwa bado wadogo. Mungu akuzidishie miaka, na ukaidi usikupungukie hata kidogo.

Jalada la kitabu litafika mezani kwangu Jumatatu asubuhi kusomwa mara ya mwisho. Mimi sistaafu leo, na neno boi silipitishi.