Paja la Kuku la Mama Margarita

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Mlioko Arua mjini, mlioko Koboko, na ninyi madereva mnaosubiri karatasi zenu pale mipakani Oraba na Vurra, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mama Margarita Ocokoru. Alifariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake Koboko, akiwa na miaka sabini na saba. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mama Margarita Ocokoru, miaka sabini na saba, wa Koboko.

Alizaliwa Manibe, hapa nje ya Arua. Aliolewa na askari wa Koboko, akahamia huko, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Hakujaliwa kuzaa. Lakini ungesimama mtaani kwake ukauliza mama yuko wapi, watoto kumi na wawili wangekuonyesha mlango mmoja.

Kila Jumamosi aliwakusanya watoto wale akawapeleka sokoni. Hawakwenda kununua, wasikilizaji. Walikwenda kuonja. Miaka hiyo nami nilikuwa nakaa Koboko, na binti yangu Peace alikuwa kwenye msafara huo. Nitasema ukweli, mimi nilimtoa ili nipate kulala.

Soko lile mnalijua. Liko wazi, jua linapiga, na kila mtu kaja na chungu cha kwao. Walugbara wana muhogo na angara, wale samaki wadogo wakavu. Wanubi wana maandazi. Wakongomani wana sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Waliotoka Sudan Kusini wana kisra, ule mkate mwembamba wa unga wa mtama uliochachuka. Mama Margarita aliwapelekea wauzaji mboga za shambani kwake, nao wakawamegea watoto kidogo kidogo. Sharti lilikuwa moja. Unanawa mikono, kisha unamsalimu mwenye chungu kwa lugha ya kwao. Usiposalimu, huonji. Binti yangu alianza kusalimu kwa lugha tano, na mimi babake najua mbili na nusu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka elfu mbili na kumi na sita, vita vya Sudan Kusini vilipowasukuma watu kuvuka mpaka wa Oraba, alikuja msichana wa miaka minane. Jina lake Night Poni. Alikuja na shangazi yake, Mariam. Mama yake hakufika. Alibaki njiani, na mnaelewa ninaposema alibaki.

Mtoto yule aliacha kula. Mariam aliniambia hivi: "Alikuwa nakunywa uji kidogo tu. Kitu ingine, hapana. Mimi niliona huyu mutoto atanikufia kwa mikono."

Mama Margarita akasema nipeni huyo mtoto Jumamosi. Na hapo, wasikilizaji, alikosea. Alidhani mtoto amekumbuka chakula cha kwao, kwa hiyo akampeleka moja kwa moja kwa muuza kisra. Night alipouona mkate ule alipiga kelele, akakimbilia nyuma ya magunia, na ilichukua muda mrefu kumtoa. Jioni ile Mama Margarita alikwenda kwa Mariam kuomba msamaha. Alisema ameshika kidonda akidhani anashika mkono.

Hata hivyo hakukata tamaa. Jumamosi iliyofuata alimchukua tena, na iliyofuata tena. Hakumlazimisha kitu. Night alitembea mwisho wa mstari, hasalimu mtu, haonji. Lakini macho yake yalikuwa kazini.

Mwisho wa mzunguko walikuwa wakisimama kwa Romano, Mkongomani anayechoma kuku. Watoto walikula mpaka wakalamba vidole. Mama Margarita alisimama pembeni, mikono nyuma. Ninyi Walugbara wenzangu mnajua kwa nini. Kwa wazee wetu, mwanamke hali kuku. Anamfuga, anampika, anawapa wanaume na wageni, yeye haonji hata mchuzi. Wasichana wa leo wameliacha jambo hilo, lakini Mama Margarita alilelewa hivyo. Alikuwa na miaka sitini na minane na hajawahi kula kuku.

Jumamosi ya tano, Night alifungua mdomo. Sasa ni binti wa miaka kumi na saba, na alinisimulia mwenyewe: "Nilimuuliza, sababu gani wewe hapana kula kuku? Akasema, mama yangu alinikataza. Nikasema, mimi pia ni sababu ya mama. Kisra iko ya mama yangu. Kama yeye hayuko, mimi hapana kula. Akasema, basi leo sisi wawili tutakula. Wewe yako, mimi yangu."

Romano akampa paja. Wanawake wa angara waliacha kupima samaki, na mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Mama Margarita akauma, akatafuna, akatafuna, akameza. Kisha akamtazama mtoto. Night akaenda mwenyewe kwa muuza kisra, akanawa, akasema "do pure", salamu ya kwao. Akala.

Habari ilifika Manibe kabla ya jua kuzama. Kaka yake Mama Margarita, mzee Dramadri, hakukanyaga kwa dada yake mwaka mzima. Alhamisi makaburini alisimama mbele yetu akasema: "Nilisema huyu dada ameaibisha mama yetu. Leo nimeona huyu binti, mrefu, mwenye nguvu. Ile hasira yangu ilikuwa ya bure."

Tangu siku ile, kila Jumamosi, kwa miaka tisa, Night alikula kisra na Mama Margarita akala kuku kando yake. Sote tuliamini amempenda kuku. Mimi mwenyewe kila Krismasi nilimpelekea mapaja mawili, nikijiona mtu wa maana sana.

Wiki yake ya mwisho, Night alimpelekea mchuzi wa kuku kitandani. Mama Margarita aliusukuma polepole. Akasema: "Mwanangu, sasa umekua, unakula popote. Mimi hii kuku sijaipenda hata siku moja."

Miaka tisa, wasikilizaji wapendwa. Alikula asichokipenda, ili mtoto asile peke yake.

Kwa mzee Dramadri na ukoo wote wa Manibe, kwa wakwe wa Koboko, kwa Mariam na Night Poni, kwa Romano na wauzaji wote wa soko lile, poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu. Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjalala, fikirini nani aliwahi kuketi nanyi akala kisichomkaa rohoni kwa ajili yenu. Akiwa hai, mpigieni simu leo.

Jumamosi hii Night anawapeleka watoto wa mtaa sokoni. Mimi na Peace tutakuwepo, na safari hii sitalala.

Mama Margarita, asante. Na yale mapaja ya Krismasi, utanisamehe.