Bibi Mnara na Binti Mfalme Aliyeita Watu

Marehemu dada yetu alikuwa na sharti moja katika hadithi zake: binti mfalme asiokolewe na mtu. Akifungiwa mnarani, atafute mwenyewe njia ya kushuka. Sharti hilo alilivunja mara moja tu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Akiwa bado shule ya msingi alitusimulia sisi wadogo zake hadithi za kale kwa namna yake, na ole wake aliyedai kwamba sivyo zilivyo kitabuni. Alimaliza sekondari mwaka 1969, kisha akapata stashahada ya ukutubi.

Kuanzia 1973 hadi alipostaafu mwaka 2011 alisimamia chumba cha watoto katika maktaba ya mji, na humo ndimo alimoandika vitabu vyake. Binti mfalme wake mmoja alinyoa kipara kwa sababu nywele zilimsumbua kupanda ukuta. Mwingine alirudisha kiatu cha kioo kwa fundi kwa kuwa kilimbana. Kabla ya kuandika mwisho, aliwakalisha watoto mkekani na kuwauliza, "Sasa afanye nini?" Hakushika kalamu mpaka mmoja wao ajibu. Ndio waliompachika jina la Bibi Mnara. Wazazi waliokuja kulalamika kwamba anawaharibia mabinti aliwasikiliza, kisha akawaazima kitabu kingine.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na fundi saa. Siku hiyo gari la maharusi lilikwama kwenye tope. Bibi harusi alivua viatu, akakunja gauni, akasukuma. Shemeji yetu, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2014, alipenda kusema, "Wenzangu walioa. Mimi nilipewa maua nishike." Walijaliwa binti, ambaye ni seremala, na mwana, ambaye ni mpishi.

Mwanzoni mwa mwaka jana alihisi uvimbe kwenye titi, akanyamaza. Tulipomuuliza mbona amekonda, alisema ni uzee. Hatutamsifu kwa hilo. Kuwaficha watu wako maradhi ni kosa, hata akilifanya mtu mwema.

Januari mwaka huu alimsimulia mjukuu wake wa kike hadithi mpya, ya binti mfalme aliyezingirwa na moto mnarani. Akauliza, kama kawaida yake, afanye nini.

"Si aite watu, bibi? Ana mdomo."

"Wakija wakamcheka?"

"Wacheke. Lakini si watakuwa wameshafika?"

Asubuhi yake alimpigia binti yake simu na kuomba apelekwe hospitali. Hatukuwahi kumsikia akiomba chochote. Hadithi ile aliimalizia wodini: binti mfalme anapiga kelele dirishani, na mji mzima unakuja na ndoo. Imechapwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi. Wasomeeni watoto.

Alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, watoto wake wakiwa kando ya kitanda. Ameacha wadogo zake wawili, binti, mwana na wajukuu watatu. Mungu amjalie pumziko lenye amani.

Daktari alitueleza kwamba uvimbe ule ulipoanza ulikuwa wa kutibika. Alinyamaza mwaka mzima, na mwaka huo umemgharimu uhai wake.