Na Ng'ambo Nani Anachimba?

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi. Asubuhi ile tulikuwepo Wembe, kinyozi mwenyewe, Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamgomea, Fundi seremala, na mimi mmiminaji wa kahawa. Mto ulisomba daraja la miguu mke wa Fundi akiwa ng'ambo, kaenda kumuuguza mama yake. Mama alishapona. Mke hajarudi, na simu zake zimekuwa fupi. Fundi akaamua kulijenga daraja mwenyewe, kuanzia kuchimba mashimo ya nguzo upande wetu.

— Nguzo za zamani zilioza pale maji yanapopanda na kushuka, akasema. Za chini kabisa zilikuwa nzima.

— Weka paini, akasema Wembe. Nyepesi, hutaumia mgongo.

— Paini bila dawa? Itaoza hata sijavuka.

— Basi mkaratusi, tena mbichi, akadakia Breki. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Mzee, unajenga daraja au unapika mchuzi? Mbichi ukikauka unapasuka. Nataka mvule, kiini kitupu. Ile nyeupe ya nje naichonga yote, ndiyo inayoanza kuoza.

— Tafuta mti uliopigwa radi, akasema Wembe. Ulishakufa mara moja, hauwezi kufa tena.

— Mimi ningepanda miti hai mtoni, akasema Breki. Ichipue, daraja lijirefushe lenyewe. Haba na haba hujaza kibaba!

Tukacheka. Fundi hakucheka.

— Ubao wa mwisho wa daraja ulikuwa unalia mke wangu akiukanyaga, akasema taratibu. Nikiusikia najua karudi, naweka randa chini. Siku hizi sijui niiweke chini saa ngapi.

Breki akakohoa.

— Shemeji atarudi tu, bwana.

Mwanamke mmoja mgeni, aliyesimama kunywa kahawa na kikapu chake, akauliza:

— Samahani, kaka. Daraja lina pande mbili. Na ng'ambo nani anachimba?

 

Fundi akatoa simu, akatugeuzia mgongo.

— Mke wangu, sikupigii kwa habari za nguzo. Shuka tu mpaka ukingoni, nikuone.

Akasikiliza kwa muda mrefu.  Aliacha kahawa yake ikifuka mvuke, akateremka mtoni, kwanza akitembea, kisha mbio.