Stafu Mhina na Njia ya Ng'ombe ya Kwamsisi

Ndugu waombolezaji, kaka yetu Nicolaus Mhina, mtoto wa tatu kati ya saba, alizaliwa Bungu, wilayani Korogwe, tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi huko huko milimani kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na walimu wake walilalamika kwamba mtoto huyu hapiti njia yoyote bila kuhesabu hatua kwa sauti.

Mwaka 1981 alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, mwaka uliofuata akaingia Jeshi la Wananchi, kikosi cha mizinga, ambako kazi yake haikuwa kufyatua bali kupima, kuwaambia wenzake shabaha iko umbali gani na bonde gani limejificha nyuma ya kilima kipi. Tarehe 26 Novemba 1988 alifunga ndoa na Glory, binti wa Mnyuzi, wakajaliwa watoto watatu, Ernesti na wadogo zake wawili, na shemeji yetu ni shahidi kwamba hata kitanda cha harusi kilipimwa kwanza ndipo kikawekwa.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011 akiwa Stafu Sajenti, akahamia hapa Kwamsisi, na tuseme ukweli, hapo ndipo alipoonja uchungu, maana kila ofisi aliyobisha hodi, Handeni hata Korogwe, ilimtazama mabega tu ikampa ulinzi wa getini. Alilinda miaka miwili, na siku moja alimwambia mkewe kwamba miaka thelathini ya kujifunza imeishia kwenye kufungua komeo.

Mwaka 2014 wakulima na wafugaji wa hapa walifikishana pabaya kwa ajili ya njia ya kwenda bwawani, watu wakaumizwa, ndipo mwenyekiti wa kijiji akamwomba kaka yetu apime njia ya mifugo. Alipima siku tatu, akapanga mawe yenye chokaa kwa mstari ulionyooka, akatembea kifua mbele, kesho yake ng'ombe wakapita pale pale wanapopita siku zote, katikati ya mahindi. Mzee Lemayian, mwenye ng'ombe hao, alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Stafu, ng'ombe wangu hawajapita depo ya jeshi!" Kaka alinuna siku mbili, ya tatu akaenda kuomba radhi, akatembea nyuma ya ng'ombe wiki nzima na dira mkononi, akapima njia inayopinda wanapopinda wao, wenye mahindi wakaridhia, na njia hiyo mpaka leo haijamwaga damu ya mtu. Vijiji vingine vinne vilimwita awafundishe vijana wao kupima, na geti, jamani, aliliaga kabisa.

Lakini kilibaki kipande kimoja, hatua mia nne za mwisho kabla ya maji, ndani ya mihogo ya mzee Mdoe, naye mzee Mdoe alikataa katakata, hivyo ng'ombe wakawa wanazunguka mbali, na kila kiangazi maneno makali yalirudi. Kaka alimwendea kila mwaka, akifukuzwa anarudi, akisema jeshini alizoea kuamriwa na kuamuru, uraiani amejifunza kuomba.

Januari 2025 alianza kuugua figo, akalazwa mara tatu hospitalini Korogwe, na kila tulipomtazama hakuuliza habari za dawa, aliuliza habari za mihogo, akihofu kwamba akiondoka watu watapigana pale. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, na sisi tumeumia sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliopika na kuchota maji siku zote hizi, askari wastaafu wenzake, na vijana wote aliowashikisha dira. Na wewe, mzee Mdoe, tunakushukuru kwa jina, maana jana jioni ulikuja msibani na udongo mikononi, ukasema mihogo umeing'oa na mawe umeyapanga mwenyewe, ukamwomba Ernesti akayakague. Ameyakagua leo asubuhi, na ng'ombe wa mzee Lemayian wamepita. Pumzika, Stafu, njia imefika majini.