Fundi Gasketi na Vifurushi vya Mji Dada

Tumekuja kumsindikiza Fundi Gasketi, na kabla hatujamlaza inabidi maisha yake yasomwe yote, mazuri na yale mengine. Ndivyo alivyoagiza mwenyewe. Jina la kwenye kitambulisho limechapwa kwenye jalada la karatasi hii, lakini tukilitumia hapa nusu yenu mtadhani mmekosea msiba.

Alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake la kutengeneza baiskeli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita, na kwa sura alikuwa wa sita, ila kwa mikono hakuna ndugu aliyemgusa. Mama yao alisimulia kwamba alitoka amefumba ngumi, majirani wakasema huyu atakuwa mchoyo. Uongo mtupu. Mtoto alikuwa anatafuta spana.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1962 hadi 1968. Hesabu alikuwa anazimeza bila kutafuna. Kuandika ndiko kulikomshinda, na kulimshinda mpaka siku ya mwisho. Aliwahi kuandika barua ya kuomba ruhusa, mwalimu akamwita mbele ya darasa.

"Hii ndiyo barua? Mistari miwili?"

"Mwalimu, mstari wa kwanza ni salamu. Wa pili ni tumbo linauma. Na tumbo ni moja tu."

Darasa lilicheka, yeye akachapwa, tumbo likapona. Mwaka 1970 aliingia chuo cha ufundi, akatoka 1972 na cheti cha umakanika ambacho hakuwahi kukitundika ukutani. Alikuwa anasema cheti hakiwashi gari.

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika karakana ya baraza la mji. Jina la Gasketi alilipata mwaka huo huo. Gari la taka lilikuwa linavujisha mafuta na stoo hakuna gasketi ya kuzibia maungio ya injini, basi akachukua kadi ya mwaliko wa harusi ya kaka yake, kadi ngumu ya heshima, akaichora, akaikata, akaibana kwenye injini. Gari likapona. Siku ya harusi kaka yake akauliza, "Kadi yako iko wapi?" Akajibiwa, "Iko barabarani, inazoa taka." Hawakusemeshana wiki mbili, na kaka mtu aliingia kaburini bado anaidai kadi yake.

Sasa tunafika Agosti 1983, na hapa ndipo maisha ya Fundi yalipopata kamba mbili, rafiki na mke. Mwezi huo mji wetu ulifunga undugu na mji mmoja wa ng'ambo. Meya wa kwao na meya wa kwetu walitia saini, hotuba zikasomwa mpaka maua ya mezani yakalala, na jina la mji dada likapakwa rangi kwenye kibao pale njia ya kuingilia mjini. Wageni walileta zawadi, gari jekundu la zimamoto, lililotumika lakini zima. Na pamoja na gari walimleta fundi wao, mtu mrefu, kimya, masikio kama sahani, aje aonyeshe namna ya kulitunza. Alikaa siku nane. Yeye hakujua neno la kwetu na Gasketi hakujua la kwao, wakashinda wote wawili chini ya gari. Ukipita unaona miguu minne tu na unasikia kicheko. Walikuwa wanachekea nini, hakuna aliyejua. Siku ya kuondoka Gasketi akaanza kumwita Pacha.

Baada ya miezi sita pampu ilikufa. Baraza likaandika barua rasmi kwenda kwa mji dada, yenye mhuri na "tunayo heshima". Barua ikajibiwa kwa barua ya heshima, nayo ikajibiwa kwa heshima zaidi, na gari limelala. Gasketi akaona watu wazima wanachezea karatasi. Akakifungua kile chuma kilichovunjika, akachora mchoro wa mahali kilipopasukia, akavifunga pamoja, akapeleka posta. Siku ya arobaini na mbili kikaja kifurushi: chuma kile kile, kizima, kipya, na mchoro juu yake wenye mshale mmoja mwekundu. Mshale ulisema yote. Tangu hapo ndivyo walivyoandikiana kwa miaka thelathini na nne. Kikivunjika kitu hapa kinakwenda, na kizima kinarudi.

Na msidhani tulikuwa tunapokea tu. Maji yetu yana mchanga, mchanga ulikuwa unakula pampu, basi Gasketi akatengeneza chujio la bati la shaba, akampelekea Pacha moja ajaribu. Pacha alileta picha ya magari matano ya kwao, yote yamefungwa chujio la hapa. Kwa hiyo wale mnaosema sisi hatujawahi kuwafundisha kitu watu wa ng'ambo, mkae kimya kidogo, mnaongea mbele ya mwalimu wao.

Mameya tisa walikuja wakapita. Kila mmoja aliahidi kwenda kuutembelea mji dada. Watatu walikwenda, wakarudi na picha. Gasketi hakuwahi kwenda. Gari halikukosa kuwaka.

Posta ndiko alikompata mkewe. Alikuwa karani wa dirisha la vifurushi, na ndiye aliyepima kile cha kwanza.

"Ndani mna nini?"

"Pampu."

"Nzima?"

"Ingekuwa nzima ningeituma ya nini, dada?"

"Mimi nauliza kwa sababu ya fomu, kaka. Maneno mengi peleka sokoni."

Alirudi kesho yake kuuliza kama kifurushi kimeondoka. Kesho kutwa tena. Wiki ya pili karani akamwambia kifurushi kiliondoka zamani, kama kuna kingine kinachomleta aseme. Mtu wa mistari miwili alisimama pale mpaka foleni ikaanza kulalamika, akasema, "Ndiyo." Walioana tarehe 7 Desemba 1985. Mungu akawajalia watoto watatu, wa kiume wawili na binti mmoja, kitinda mimba, ambaye baba alimsomesha lugha ya ule mji dada mpaka chuo. Alikuwa anasema, "Asome yeye, mimi nitachora."

Fundi alistaafu mwaka 2015, lakini baraza lilimwita tena kwa mkataba. Lile gari halikumtii mtu mwingine.

Januari 2018 ilikuja bahasha nyembamba badala ya kifurushi. Gasketi aliipima mkononi akajua. Binti yake akaisoma. Ilitoka kwa mke wa Pacha. Pacha alifariki mwezi Novemba, moyo, akiwa bustanini kwake. Mama yule aliandika kwamba mumewe hakuwa na rafiki mwingine aliyemtaja kila siku ya Mungu, na chini kabisa akaweka namba ya simu.

"Baba, nijibu nini?" binti aliuliza.

"Ngoja kwanza."

Hiyo "ngoja" ndiyo inayotufanya tusome maisha haya kwa sauti leo.

Mnajua, au kama hamjui Mheshimiwa Meya aliyekaa mstari wa mbele anajua, kwamba baraza lina kamati ya undugu wa miji. Kila Januari kamati inauliza, mji dada umetuletea nini? Miaka mitatu ikipita bila kitu, jina linafutwa kwenye kibao. Miji mingine mitatu ilishafutwa hivyo. Gasketi alikuwa amewaona wakija na turubai na kopo la rangi nyeupe.

Basi Januari 2019 Fundi aliingia kwenye kamati na boksi. Ndani mlikuwa na vali ya pampu, inang'aa. "Imetoka kwa dada yetu," alisema. Madiwani wakapiga makofi. Ukweli ni kwamba ile vali ilitoka kwenye mashine ya kukereza vyuma ya karakana, ile ya dirishani, na aliyeikereza ni yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata akaleta nyingine. Na mwingine. Jumla alileta vyuma vitano. Mwaka mmoja Mheshimiwa alikishika kimoja, akakigeuzageuza, akawaambia madiwani, "Mnaona kazi hii? Hiki ndicho chuma. Siyo hivi vya mafundi wetu vya kulipua." Tunaomba radhi kukukumbusha, Mheshimiwa, na tunaomba usiinuke. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na hakuweza kuisimulia kwa mtu.

Mkewe alijua tangu siku ya kwanza. Unamdanganyaje karani wa vifurushi?

"Hiki kilipita dirisha gani?" alimwuliza mezani.

Fundi akalivuta boksi kwake.

"Na hili fundo la kamba ni lako, baba. Nimelifungua miaka thelathini na mitatu."

Alifikiri mkewe atamsema. Mama akaingia stoo, akatoka na maboksi ya zamani ya Pacha, yenye stempu za kweli. "Kama unadanganya," akamwambia, "danganya kama mtu mwenye kazi yake." Lakini akamwuliza pia, kwa sauti ya chini, kwa nini hampi pole yule mama aliyefiwa. Fundi akajibu, "Nikimpa pole, basi amekufa kweli."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Tarehe 11 Aprili 2023 alianguka karakanani kwa kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Alipelekwa hospitali, akarudi nyumbani, akawa anakaa kitini dirishani akiutazama ule mkono kama mtu anayesubiri gari liwake. Tulimtania, "Mkono umestaafu, nao hautaki mkataba." Alicheka upande mmoja. Januari mwaka huu kamati ilikaa, na hapakuwa na boksi.

Hali ilibadilika mwezi wa Mei. Alirudishwa hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha pembeni. Tarehe 16 Juni, Jumapili saa nne asubuhi, alimwita mkewe na binti yake karibu. Maneno yalikuwa yanatoka kwa taabu.

"Nikifa, msiseme nilikuwa mtu mwema."

"Nani kakwambia tulipanga kusema?" mkewe akamjibu, huku anamfuta mdomo.

"Semeni vile vyuma nilitengeneza mimi. Meya akiwepo."

"Wataufuta undugu, baba," binti alisema.

"Waufute wanajua. Au wauache wanajua." Akapumzika. "Na yule mama. Kafiwa na mume, anaandika, mimi kimya. Miaka sita. Kwa ajili ya kibao. Mpigie, mwanangu. Mwambie Gasketi anaomba samahani."

Binti alitaka kupiga pale pale. Baba akamwambia, siyo leo, sauti yangu mbaya. Alitaka kupata nguvu kwanza, walau amsalimie mwenyewe. Nguvu haikuja. Alifariki Jumatano, tarehe 19 Juni 2024, saa nane mchana, mkewe akiwa ameushika ule mkono uliolala. Alikuwa na miaka sitini na tisa.

Ijumaa binti alipiga ile namba, familia yote tumemzunguka sebuleni. Tuliogopa namba itakuwa imekufa. Ikaita mara nne. Akapokea mama mmoja mwenye sauti nzito. Binti akajitambulisha, akaeleza kwamba baba amefariki juzi, na kwamba ameacha agizo la kuomba samahani kwa pole ambayo hakuileta. Halafu tukasikia yule mama analia. Hapo hakuhitajika mkalimani.

Mama yule alipoweza kusema, binti alitutafsiria huku naye machozi yanamtoka. Mama yule alisema kwamba barua yake ilipokosa jibu, aliwaza peke yake kwamba fundi wa huku naye lazima amekufa, maana mtu wa namna ile akiwa hai hawezi kunyamaza. Akawaambia watoto wake, wamekwenda pamoja. Akamlilia Gasketi siku zile zile alizokuwa anamlilia mumewe.

"Kumbe alikuwepo," alisema. "Miaka yote sita alikuwepo. Mimi ningempigia. Mume wangu aliacha michoro mingi ambayo hakuwahi kuituma, na mimi sikuwa na mtu wa kumwuliza maana yake."

Mke wa Fundi aliomba simu. Hawajui lugha moja. Walishika simu, huku na kule, muda mrefu, wanalia.

Hilo ndilo kosa la ndugu yetu na tumelisema kama alivyotaka. Alitunza undugu wa miji miwili kwa mikono yake mpaka akasahau kwamba upande wa pili kulikuwa na mtu nyumbani. Kamati itakaa tena Januari. Hatuombi chochote. Mheshimiwa ameshasikia, na namba ya yule mama anayo binti yetu, atakayeitaka aje aichukue.

Fundi Gasketi ameacha mke mmoja, watoto watatu, wajukuu wanne, na ndugu watatu. Mama wa ng'ambo naye aliuliza kama anaweza kuandikwa kwenye karatasi hii, na aandikwe kama nani. Tumemwandika shemeji. Kwa hiyo ameacha pia shemeji mmoja, ambaye leo, saa hizi, anamlilia kwa mara ya pili.

Mungu ampokee, na mikono yake ipumzike.