Barua ya Vita ya Abdulwakil Hamad Mjaka (1938–2009)

Marehemu Abdulwakil alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 4 Machi 1938, mtoto wa pekee wa Bi Time Faki. Alisoma Kurani chuoni, kisha skuli hapo Wete na baadaye Unguja. Septemba 1961 akaenda Leningrad kusomea historia. Bi Time alimtilia halua mkobani, akamwambia, "Baba, usiache kuniandikia."

Hakuacha. Balaa ni kwamba akishika jambo huzama nalo mzimamzima. Alikuwa akisomea vita vya 1904 hadi 1905, Urusi ilipopigwa na Japani, raia wakachoka, wakadai katiba, na mfalme akawapa baraza kwa mkono mmoja, akalipunguza nguvu kwa wa pili. Desemba 1963 akaandika: "Mama, siku hizi nimo vitani tu. Askari mabuti yametoboka, baridi inawamaliza, na mfalme hasikii la mtu." Hakutaja kuwa ni vita vya zamani. Bi Time hakujua kusoma, na jirani alimsomea kama ilivyo.

Mwezi uliofuata Zanzibar ikapinduka, na barua zake hazikufika tena. Bi Time alingoja mwaka mzima. Mwaka 1965 akapika, akaita watu, akamsomea mwanawe hitma ya maiti. Masikini mama wa watu!

Abdulwakil hana habari. Alihamia London mwaka 1968, akawa karani wa reli Croydon kwa miaka ishirini na sita. Mwaka 1969, kwenye harusi Peckham, alijulishwa kwa Bi Kijakazi, aliyetoka Wete karibuni. Bibi aliruka.

"Abdulwakil wa Bi Time? Wewe si ulifia vitani? Hitma yako nimeila mimi!"

Watu wakacheka. Yeye akauliza, "Mama yuko?"

Kijakazi akainamisha kichwa. Bi Time alikuwa ameshafariki, mwaka 1967.

Walioana Juni 1970. Marehemu alianza kuandika kitabu cha vita vile, kwa Kiswahili chepesi, kila sura akimsomea mkewe kwanza. Majenerali aliwamaliza kuwaandika kwa wiki tatu. Mawaziri waliombembeleza mfalme abadilishe mambo, nao aliwamaliza. Alipofika kwa mama wa askari, kalamu ilimgomea miaka na miaka. "Waandike," Kijakazi akimwambia. "Vita ni vyao hao." Kitabu kilikwisha 2007.

Mwaka 2008 kiharusi kilimchukua mkono wa kulia. Kila Jumapili alimwita bintiye, Zainab, ambaye tangu utotoni hujibu kwa Kiingereza. "Andika: Mama, mimi mzima." Zainab akiandika, kwa Kiswahili. Hakumuuliza barua inakwenda wapi.

Alifariki hospitalini, kusini mwa London, alfajiri ya Jumatano, 11 Novemba 2009. Ameacha mjane, Bi Kijakazi, binti mmoja na wajukuu wawili.

Leo anasomewa hitma ya pili. Sahani iko mbele ya Bi Kijakazi tangu adhuhuri, na ameisukuma. "Ile ya kwanza niliila nikashiba," anasema. "Hii haipiti."

Mola amrehemu, na safari hii amfikishe kwa mamake.